Sera ya Ulinzi na Haki ya Asiyeona Mbele ya Kompyuta

Ikiwa umekabidhiwa usimamizi wa kompyuta za shule, maktaba, ofisi au chuo, na miongoni mwa wanaozitumia wamo watu wasioona, maneno haya yanakuhusu wewe. Nataka kukushauri juu ya jambo ambalo aghalabu huachwa mpaka litakapoleta mashaka, nalo ni kuandika sera ya ulinzi wa lazima kwa ajili ya huduma ile inayomwezesha asiyeona kuitumia kompyuta kwa masikio na vidole vyake. Jambo hili lina haki mbili ndani yake, haki ya usalama na haki ya kutumia chombo kama wanavyokitumia wengine, na wasimamizi wengi, kwa haraka au kwa kutojua, hushika moja wakaiacha nyingine: huyu huzima ulinzi wote siku ile kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona yaliyo katika skrini, kinaponyamaza, na yule huuacha ulinzi mahali pake na kisoma skrini katika unyamavu wake. Mwenye kudhulumiwa katika hukumu zote mbili ni mtu yule yule, kwani katika ile ya kwanza siri zake zimewekwa wazi, na katika ya pili amefungiwa nje ya kazi yake.

Yafaa kwanza tuafikiane juu ya maana ya ulinzi wa lazima. Katika desturi ya zamani ya kompyuta, mwenye faili ndiye mwenye kuamua nani aisome na nani aiandike, na kila programu anayoiendesha hurithi uwezo wake wote bila ya kuulizwa, hata ikiwa programu hiyo imeingia jana kutoka mahali asipopajua. Ulinzi wa lazima huiondoa hukumu mikononi mwa mtumiaji na programu zake, ukaikabidhi kwa kiini cha mfumo, ambacho huamua kwa mujibu wa sera iliyoandikwa na msimamizi, wala hakuna mtumiaji wa kawaida awezaye kuitangua. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliuhesabu ulinzi wa namna hii miongoni mwa masharti ya kompyuta za kuaminika mwaka 1983. Shirika la Usalama wa Taifa la nchi hiyo likautoa mfumo wa SELinux kwa watu wote mwezi wa Desemba 2000, nao ukaingia katika kiini cha Linux mwaka 2003. Katika SELinux kila programu inayotenda kazi huwa na kikoa chake, na kila faili, saraka na soketi huwa na lebo yake, na lolote lisiloruhusiwa kwa maandishi limekatazwa. AppArmor, ambao hutumika sana katika Ubuntu na ulikubaliwa katika kiini cha Linux mwaka 2010, huifanya kazi hiyo hiyo kwa kufuata majina ya njia za faili badala ya lebo.

Huduma tunayoizungumzia, yaani huduma ya ufikivu, kwa watumiao Linux huitwa AT-SPI, na tangu mazingira ya madirisha ya GNOME 3 yalipotoka mwaka 2011 mazungumzo yake hupita katika D-Bus, yaani mkondo wa ujumbe ambao programu huutumia kusemezana. Mtu anapoingia katika kompyuta, programu ndogo iitwayo at-spi-bus-launcher hufungua mkondo wa pili, uliotengwa na ule wa kawaida wa kikao chake, na msajili aitwaye at-spi2-registryd huandikisha kila programu inayojiunga nao. Firefox, LibreOffice na nyinginezo hueleza humo kila dirisha, kila kitufe na kila mstari wa maandishi. Orca, kisoma skrini kilichoingizwa katika GNOME mwaka 2006, huzisikiliza habari hizo na kuipeleka sentensi kwa Speech Dispatcher, ambayo huikabidhi kwa mtambo wa sauti kama vile eSpeak NG, ambao Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake. Na kwa asomaye nukta nundu, Orca huipeleka sentensi hiyo hiyo kwa brltty, huduma inayoziinua nukta za kifaa chini ya vidole vyake.

Zamani mtu asiyejua kusoma alimpelekea barua yake jirani aliyesoma, na jirani yule, apende asipende, akazijua siri za nyumba nzima, deni na posa, maradhi na ugomvi, kwa hiyo hakuchaguliwa ila aliyejulikana kwa uaminifu. Kisoma skrini kimo katika nafasi hiyo hiyo ya amana. Kinayasoma maandishi ya kila programu iliyofunguka, hupata habari ya vitufe vinavyobonyezwa, na kina uwezo wa kubofya na kuandika kwa niaba ya mwenyewe. Uwezo huo huo ukiangukia programu yenye hiyana huwa balaa. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu viwili vya Marekani walionyesha, katika shambulio waliloliita Cloak & Dagger, jinsi programu ya simu ya Android inavyoweza kuitumia huduma ya ufikivu, ikisaidiwa na uwezo wa kuchora juu ya skrini, kuiba maneno ya siri na kujiongezea madaraka; na ilipofika Android 13, mwaka 2022, programu zilizopakiwa kutoka nje ya duka rasmi ziliwekewa kizuizi zisiweze kuwashwa kwa urahisi kuwa huduma za ufikivu. Windows nayo, tangu Vista, hairuhusu programu kuvuka mipaka ya madaraka kwa jina la ufikivu ila iwe imetangaza haja hiyo, imetiwa sahihi ya kidijiti na imewekwa katika saraka iliyolindwa. Mifumo hii, iliyotofautiana kwa mengi, imeafikiana katika neno moja: huduma ya ufikivu haiwezi kuhesabiwa kuwa programu kama programu nyingine.

Hapa ndipo msingi wa ushauri wangu ulipo. Kisoma skrini hakiwezi kunyimwa macho, kwa sababu kuona ndiyo kazi yake, na sera inayojaribu kukificha baadhi ya madirisha itamficha mwenyewe madirisha hayo. Kinachoweza kuzuiwa ni njia ya kuyatolea nje yale kinachoyaona, pamoja na njia ambayo programu nyingine ingepitia ili kujifanya kisoma skrini. Ukiandika sera yako kwa kuyashika mambo haya mawili, kukiruhusu kione na kukizuia kisipeleke, utaona kwamba usalama na ufikivu havigombani kama inavyodhaniwa, na kila kanuni utakayoiandika itakuwa na sababu unayoweza kuieleza mbele ya mtu yeyote.

Kazi ya kwanza, kabla hujagusa faili la sera, ni kuandika katika karatasi nani anasemezana na nani. Mkondo wa ujumbe, msajili, Orca, Speech Dispatcher, mtambo wa sauti, huduma ya nukta nundu na programu za mtumiaji kila kimoja kiwe na mstari wake, na kila mazungumzo yatajwe yanapita wapi. Karatasi hii itakuonyesha jambo ambalo wengi hulipuuza, kwamba ombi moja la kuungana na mkondo hupita katika milango kadhaa: programu sharti iruhusiwe kupita katika saraka ya kikao iliyo chini ya /run/user, iruhusiwe kuandika katika faili la soketi, iruhusiwe kuungana na kikoa cha anayesikiliza katika soketi hiyo, na baada ya hayo mkondo wenyewe huiuliza sera kama kikoa hiki kina idhini ya kumpelekea ujumbe kikoa kile. Fahamu pia kwamba idhini ya ujumbe haina budi kuandikwa kwa pande zote mbili, kwa kuwa jibu nalo ni ujumbe, na sera iliyoruhusu swali ikasahau jibu humwacha Orca akingoja pasipo kupata neno.

Kazi ya pili ni kuipa kila sehemu kikoa chake. Wengi hudhani inatosha kumpa Orca kikoa, ilhali Speech Dispatcher aghalabu huzinduliwa na programu inayoihitaji, na pasipokuwa na kanuni ya kuihamisha itarithi kikoa cha aliyeizindua, kisha utalazimika kumpa Orca ruhusa zote za vifaa vya sauti ambazo hakuzihitaji. Tenga, basi, kikoa cha mkondo na msajili, kikoa cha Orca, na kikoa cha usemaji. Brltty katika sera ya Fedora imekwisha kupewa kikoa chake, brltty_t, nawe huna haja ya kuizulia kingine. Angalia vilevile kwamba Orca imeandikwa kwa Python. Ikizinduliwa kwa jina lake, SELinux huitazama lebo ya faili la Orca na kuihamishia katika kikoa ulichokitayarisha. Lakini mtu akiita Python kwanza na kuipa faili la Orca kama hoja, uhamisho huo hautokei, na programu itaendelea katika kikoa cha aliyeita. Kwa hiyo kagua njia zote ambazo kisoma skrini huwashwa katika kompyuta zako, na uhakikishe kuwa zote zinaita jina moja.

Kazi ya tatu ndiyo moyo wa sera, nayo ni kuamua kinachokatazwa. Orca haihitaji mtandao ili isome skrini, basi usiipe soketi za mtandao. Na ikiwa mtumiaji husoma nukta nundu, iruhusu izungumze na brltty kwa soketi ya ndani ya kompyuta, na uiruhusu kusoma ufunguo ulio katika /etc/brlapi.key bila ya kuuandika. Orca haihitaji kufungua funguo za SSH wala za GPG zilizo katika saraka ya mtumiaji, na sera za kawaida za SELinux zimekwisha kuzipa funguo hizo lebo zake, hivyo kuzikataza hakukugharimu kitu. Mafaili ya uchunguzi ambayo Orca huyaandika inapoombwa yastahili hadhari ya pekee, kwa sababu ndani yake hubaki yale iliyoyasoma. Yape lebo yao, na asiyasome mwingine ila mwenyewe na msimamizi aliyeidhinishwa. Hadhari kubwa zaidi ni ya faili la orca-customizations.py, ambalo kwa miaka mingi limekaa katika saraka ya mtumiaji likisomwa na kutekelezwa na Orca kila inapoanza: programu yoyote iwezayo kuliandika faili hilo imepata uwezo wote wa kisoma skrini bila ya kuvunja mlango wowote. Lipe faili hilo lebo ambayo kivinjari na programu nyingine za kila siku haziwezi kuiandika.

Hata hivyo, hesabu hii yote haitakufaa ikiwa watumiaji wako wamo katika kikoa kisichofungwa. Katika Fedora na jamaa zake, mtu wa kawaida huingia katika unconfined_t, na programu zake karibu zote huwa humo. Hapo Orca inaweza kuwa imefungwa vizuri, ilhali programu mbaya iliyo katika kikoa huru inaungana na mkondo wa ufikivu na kusoma kila kitu, kama kwamba sera haikuandikwa. Ulinzi wa huduma hii kwa hiyo ni ulinzi wa mkondo kwanza na wa Orca baadaye. Waweke watumiaji katika vikoa vilivyofungwa, kama user_t au staff_t, au zitie katika vikoa maalumu zile programu zinazokutana na ulimwengu wa nje, kivinjari na kisoma barua mbele ya zote. Kumbuka vilevile kwamba SELinux katika D-Bus hutazama kikoa cha mpelekaji na cha mpokeaji bila ya kutazama yaliyomo katika ujumbe, ambapo kanuni za AppArmor zinaweza kuutaja mkondo wa ufikivu kwa jina, na ndani yake kutaja kiolesura na tendo linaloruhusiwa. Atumiaye Ubuntu na aitumie neema hiyo, akaanzia katika mafungu yaliyoandaliwa ya dbus-accessibility na dbus-accessibility-strict kabla ya kuandika yake. Na ikiwa bado unatumia X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, jua kwamba programu yoyote iliyofunguliwa humo inaweza kuvisikiliza vitufe vya programu nyingine bila ya kupita katika AT-SPI, kwa hiyo kuhamia Wayland, mfumo mpya wa kazi hiyo, ni sehemu ya kazi hii, na sera ya mkondo pekee haitoshi.

Kazi ya nne ni kujaribu, na hapa subira hulipa kuliko werevu. Usiuzime ulinzi wa kompyuta nzima kwa setenforce 0 ili uone kama Orca itasema. Kiweke kikoa kile kimoja tu katika hali ya kuonya pasipo kuzuia, kwa semanage permissive -a na jina la kikoa, na vikoa vingine viendelee kulindwa. Kisha soma kumbukumbu za ukaguzi kwa ausearch, ukizitazama kumbukumbu za makatazo, zile za AVC zinazotoka katika kiini na zile za USER_AVC zinazotoka katika D-Bus, maana kosa la mkondo wa ujumbe huandikwa katika hizi za pili, na asiyezitazama hudhani hakuna kilichokatazwa. Ikiwa kumbukumbu ziko kimya na kisoma skrini nacho kiko kimya, huenda katazo limo miongoni mwa yale ambayo sera imeagizwa yasiandikwe. Yafunue kwa semodule -DB, na ukimaliza uyarudishe mahali pake kwa semodule -B.

Chombo cha audit2allow kitakushawishi, kwa kuwa hugeuza kila katazo kuwa ruhusa, na mtu aliyechoka huona kwamba kazi imekwisha. Usikipokee kinachotolewa nacho bila ya kukisoma mstari kwa mstari. Aghalabu katazo huwa limetokana na faili lenye lebo isiyo sahihi, hasa lililohamishwa kutoka saraka moja hadi nyingine, na dawa yake ni restorecon, amri inayolirudishia faili lebo yake. Ukiandika ruhusa badala ya kuirekebisha lebo, utakuwa umewafungulia wote kwa sababu ya kosa la faili moja. Jiulize juu ya kila mstari: tendo hili lipo katika karatasi niliyoiandika mwanzo? Likiwepo, liruhusu, lisipokuwepo, tafuta kwanza kwa nini limetokea.

Kazi ya tano ni kuijaribu huduma pale ambapo watu husahau. Wapo wanaoridhika wakisikia Orca ikisoma ndani ya kikao cha mtumiaji, wakasahau kwamba asiyeona hana budi kuanzia katika skrini ya kuingilia, na skrini hiyo ina kikao chake chini ya GDM, programu ya GNOME ya kuwaingiza watumiaji, katika kikoa cha xdm_t. Sera iliyoandikwa kwa ajili ya kikao cha mtumiaji peke yake huweza kumnyamazisha Orca pale pale mlangoni, na mtu asiyeweza kuingia hana faida na yaliyomo ndani. Jaribu skrini ya kuingilia, jaribu skrini iliyofungwa baada ya mapumziko, jaribu dirisha linaloomba neno la siri la msimamizi, jaribu kubadilisha mtumiaji bila ya kuzima, na urudie majaribio hayo yote baada ya kila toleo jipya la Orca, la GNOME au la sera yenyewe, kwa sababu njia za faili na majina ya huduma hubadilika.

Liko jambo moja zaidi ambalo mwenye macho hulikosa kwa urahisi. SELinux inapokataza kitu, kompyuta yaweza kutoa tangazo katika pembe ya skrini. Lakini tangazo hilo kwa asiyeona linategemea kisoma skrini kile kile kilichonyamazishwa. Yeye husikia kimya, na kimya hakimwambii kama kompyuta imekwama, kama sauti imezimwa, au kama sera imemkataza. Kwa ajili hiyo mwekee njia ya pili isiyotegemea AT-SPI: brltty ikiwa tayari katika skrini ya maandishi matupu, au espeakup inayosema katika skrini hiyo, pamoja na ufunguo wa kuifikia aliofundishwa mapema. Nawe msimamizi panga upate habari za makatazo ya vikoa hivi pindi yanapoandikwa, uyajue kabla hujaitwa, kwani si haki kumfanya aliyenyamazishwa awe ndiye mpiga mbiu wa kunyamazishwa kwake.

Huenda mkubwa wako akakuuliza kwa nini upoteze wasaa mwingi hivi kwa ajili ya watu wachache. Mwambie kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, katika kifungu chake cha 9 unazitaja teknolojia za habari na mawasiliano miongoni mwa mambo ambayo watu hao wana haki ya kuyafikia sawa na wengine. Na mwambie vilevile kwamba faragha ya asiyeona haina thamani ndogo kuliko ya mwenye macho, hivyo jibu la kumzimia ulinzi ili asomewe ni jibu la kumnyang'anya haki moja kwa kumpa nyingine.

Neno langu la mwisho kwako ni hili. Usiihesabu sera kuwa tayari kwa sababu kompyuta imeikubali, wala kwa sababu kumbukumbu hazina makatazo. Mwalike mtu asiyeona anayeijua kazi yake, mkalishe mbele ya kompyuta iliyozimwa, naye aiwashe mwenyewe, aingie, afungue barua, aandike, afunge skrini, arudi, na atoke, wala wewe usitie mkono wako. Akishindwa mahali popote, rudi katika sera yako. Akimaliza yote, iwashe sera katika kompyuta zako zote, na uilinde kama unavyolinda amana ya watu.